Taa ya Bweni

Katika bweni letu taa huwashwa magharibi, ikawaka mpaka alfajiri. Wenye mitihani huitaka wapate kusoma. Wengine huitaka kwa kuogopa wezi. Sababu zote mbili nazikubali, lakini mimi hulala kitanda cha juu, uso kwa uso na balbu.

Jicho halifanyi kazi ya kuona tu. Mwaka 2002 wataalamu walieleza chembe zilizo nyuma ya jicho ambazo huupasha ubongo habari za mchana na usiku. Zikipata mwanga, mwili huchelewa kutoa melatonini, iliyo tarishi wa usiku. Wala kufumba macho hakutoshi, maana kope hupitisha mwanga. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, vijana 20 wenye afya walipimwa usingizini. Waliolala taa ikiwaka, usiku mmoja tu, mioyo yao ilipiga mbio zaidi, na asubuhi insulini ilifanya kazi kwa shida.

Naomba basi wasomao wapewe darasa moja mpaka saa nne, taa ya mlangoni iachwe kwa ajili ya wezi, ya ndani izimwe. Waogopao giza (nao wapo, hata Kidato cha Nne) wapewe vitanda vya karibu na mlango.