Tumbo Nalo Lina Walinzi Wake

Katika makambi yetu majeraha huzungumzwa bila haya. Aliyevunjika mguu hujuliwa hali, na mwenye homa hupelekewa uji. Lakini tumbo lililofunga halitajwi. Askari hulivumilia kama avumiliavyo zamu ya usiku, na mkewe hulitambua kwa sahani inayorudi jikoni na chakula chake.

Mimi ni mke wa askari, na kwa miaka mingi nimepika posho na maharage katika nyumba za kambi. Jambo hili lilianza kunishughulisha pale shemeji yangu, ambaye ni polisi, alipokaa siku nne bila kupata choo wala kutoa upepo. Tumbo likavimba, naye akaendelea kusimama lindoni, kwani aliona fedheha kuomba ruhusa kwa sababu kama hiyo. Siku ya tano alibebwa. Madaktari walikuta utumbo mpana umejisokota, wakampasua siku ile ile. Namshukuru Mungu, alipona. Tokea hapo nimekuwa nikitafuta kujua kazi za utumbo, na niliyoyasoma nimeona yafaa kuwagawia wenzangu.

Ndugu msomaji, utumbo si mpira wa kupitishia maji tu. Katika utando wake wa ndani zimetawanyika chembe hai chache, kila moja kama mlinzi katika kibanda chake. Chakula kipitapo na kuusukuma ukuta wa utumbo, chembe hizo huhisi msukumo ule, kisha hutoa kemikali iitwayo serotonini. Kemikali hiyo huamsha ncha za mishipa ya fahamu iliyo karibu, nayo mishipa husaidia kuamrisha misuli: iliyo nyuma ya chakula ikaze, iliyo mbele ilegee. Ndivyo mzigo unavyosogea. Wengi husikia serotonini ikitajwa kwa habari za ubongo, kumbe zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1952 Vittorio Erspamer, mtaalamu wa Italia, na mwenziwe Asero walithibitisha kwamba kemikali aliyoigundua katika utumbo miaka ya 1930 ndiyo ile ile serotonini iliyopatikana Marekani katika damu. Mwaka 1958, huko Oxford, Uingereza, Bi. Edith Bülbring na mwenziwe Lin walieleza majaribio waliyoyafanya kwa matumbo ya simbilisi: msukumo ulipozidi ndani ya utumbo, serotonini iliyotoka nayo ilizidi. Lakini chembe ile iliutambuaje msukumo? Jibu lilianza kupatikana mwaka 2010, wakati Bertrand Coste na Ardem Patapoutian, huko California, walipogundua vilango vidogo sana katika ngozi ya chembe, vinavyofunguka vinaposukumwa. Walivipa jina la Piezo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgandamizo. Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka 2017 wataalamu wa Mayo Clinic walionyesha kwamba kilango cha aina ya pili, Piezo2, kimo katika chembe hizo za utumbo, za panya na za binadamu pia.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Kwa upande wetu wa jikoni, nadhani funzo li wazi. Mlinzi wa msukumo hana la kuarifu ikiwa hakuna kinachosukuma. Dodo, maharage, matunda na maji ya kutosha huupa mzigo ukubwa na ulaini. Biskuti kavu za safarini peke yake haziwezi kazi hiyo. Na haja ikija, iitikiwe. Anayeizuia kila siku huufanya mzigo ukauke na kuwa mgumu zaidi.

Sasa niseme juu ya haluli, ambayo haikosekani katika nyumba nyingi. Tumbo likivimba, likauma sana, mtu akatapika, au akakosa hata kutoa upepo, msimpe haluli. Huenda njia imeziba, na kuusukuma utumbo ulioziba ni kuuongezea hatari. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo, damu katika choo, au mwili kukonda bila sababu, ni mambo ya kumwonyesha daktari.

Akina mama wenzangu, waulizeni waume zenu na wazee wenu habari za tumbo kama mnavyowauliza habari za safari. Nanyi akina baba, uvumilivu ni sifa ya askari mbele ya adui. Lakini mlinzi wa ndani akipiga kengele, kutomsikiliza si ushujaa. Hata kamanda hodari husikiliza taarifa ya lindo lake dogo kuliko yote.