Mililita Kumi

Jumatano, 4 Januari 2023

Siku ya nne tangu wizara ya afya ya Burundi itangaze kipindupindu. Mvua haikati. Saa nne asubuhi ameletwa mvuvi wa Gatumba, kule mto Rusizi unakomwagikia Ziwa Tanganyika; nduguze wamembeba ndani ya blanketi. Macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na ncha za vidole zimekunjamana kama za mtu aliyefua nguo kutwa. Mapigo ya mkononi siyapati.

Tumemkadiria kilo 60. Maji ya Ringa mishipani, mikono yote miwili: mililita 1,800 nusu saa ya kwanza, kisha 4,200 kwa saa mbili na nusu.

"Muganga, tangu jana magharibi hajakojoa," mkewe ameniambia.

Tumemwekea mpira wa mkojo. Zimetoka mililita 10, rangi ya chai iliyokolea.

Alhamisi, 5 Januari, saa nane usiku

Mapigo yamerudi, lakini ndoo chini ya kitanda inajaa tena, na mkojo ni mililita 12 kwa saa. Kwa uzito wake nataka zisipungue 30. Kijana wa zamu, aliyehitimu juzi tu, ameniomba: "Dada, tumchome furosemidi, mkojo ushuke." Nimemkatalia, tukakaa chini ya taa nikamweleza. Nayaandika nisije nikayasahau siku nikichoka.

Figo mbili hazizidi sana gramu 300, ila zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, takriban lita moja kila dakika. Huchuja kama lita 180 kwa siku. Karibu zote hurudishwa mwilini, nje hutoka lita moja na nusu hivi. Sasa mtu anaishiwa maji. Damu ya kwenda figoni inapungua. Figo hubana mshipa wa kutolea damu kwenye chujio ili shinikizo lisianguke, na hulegeza ule wa kuingizia. Hata hivyo, upungufu ukizidi, mkojo hukauka.

Mwaka 1976 watafiti wa figo Klaus Thurau na John Boylan waliandika jambo ambalo sijaacha kulifikiria: kukauka huko kwa mkojo, tunakokuita kushindwa kwa figo, wao walikuita mafanikio. Hesabu yake ni rahisi. Chujio hupitisha mililita 125 kwa dakika, na majimaji ya damu ya mtu mzima ni kama lita 3. Vijimirija vya figo vikiumia visiweze kurudisha maji, na chujio likaendelea kama kawaida, majimaji yote ya damu yangekwisha kabla ya nusu saa. Kwa hiyo figo inafunga bomba kumlinda mwenye nayo. Furosemidi kwa mtu huyu ni kulifungua bomba hilo kwa nguvu, wakati pipa ni tupu.

Ila ulinzi huo una muda wake. Sehemu ya ndani ya figo hupata damu kidogo na hufanya kazi nyingi. Ikikaa na njaa ya oksijeni kwa saa nyingi, vijimirija hufa. Hapo maji unayoendelea kumwaga huishia mapafuni. Ndiyo maana kila saa nasikiliza kifua chake, nasoma chupa ya mkojo, na ninachokiona ndooni nakirudisha kwa Ringa.

Ijumaa, 6 Januari

Leo alfajiri mkewe amefungua kanga na kunionyesha karatasi ya vidonge. Dikilofenaki. Misuli ya miguu ilikuwa inamkaza usiku, wakavinunua dukani, alimeza vinne. Dawa hiyo huzuia kile kinacholegeza mshipa wa kuingizia damu figoni, mlango uleule mwili ulikuwa unaushikilia wazi. Sikumlaumu mama wa watu. Mkazo wa misuli ya kipindupindu unaliza hata wanaume wazima, na hakuna aliyemwambia kuwa dawa yake ni maji na chumvi. Nimeliona kosa langu mwenyewe: siku ya kwanza sikuuliza amemeza nini.

Kuanzia leo nauliza kila anayeletwa, hata kabla sijashika sindano: umekunywa dawa gani ya maumivu? Nanyi wenzangu mulioko mahemani, ulizeni.

Saa tatu asubuhi: mililita 22.
Saa sita: 31.
Saa tisa: 45, na rangi imepauka.