Nilivyoielewa Kanuni ya Imani

Nilipokuwa katekumeni huko Magila, chini ya milima ya Usambara, Kanuni ya Imani ilikuwa kwetu sharti la kuufikia ubatizo: jioni mwalimu wa dini alituketisha barazani, akatamka kifungu nasi tukamfuatisha kwa sauti moja, na yeyote aliyeliruka jina la Pontio Pilato alirudishwa mwanzo. Niliihifadhi barabara, wala haikunijia kuuliza ni kwa nini liwali wa Kirumi atajwe katika maungamo ya Mwenyezi Mungu.

Baadaye riziki ilinipeleka bara ya Kenya, nikakutana na Waanglikana wenzangu wasiofukiza ubani, na Wapresbiteri wasio na maaskofu, nao wote wakimcha Mungu kwa ikhlasi niliyoiona kwa macho yangu. Wazee wa huko ndio walionisimulia habari za mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913, ambapo misheni kadhaa zilikusudia kuungana katika shirikisho, hata Askofu Frank Weston wa Unguja, ambaye kwetu jina lake lilitajwa kwa taadhima kuu, akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Lililonishangaza ni kwamba shirikisho lile liliwekewa msingi wa Maandiko pamoja na Imani ya Mitume na ile ya Nikea, ambazo Weston mwenyewe aliziungama; hoja yao ilikuwa juu ya daraja ya uaskofu, na juu ya nani ana idhini ya kuikaribia Meza ya Bwana.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta asili ya maneno niliyoyahifadhi. Nikajifunza kuwa mababa waliokutana Nikea mwaka 325 walikuwa wakimjibu Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kuwa Mwana ni kiumbe. Na kwamba Kanisa la Magharibi lilipoongeza ya kuwa Roho hutoka kwa Baba na kwa Mwana pia, Mashariki ilikataa, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za farakano la 1054. Hata Pilato nikamwelewa: jina lake lashuhudia kuwa mateso yale yalikuwa na mahali pake na zamani zake katika tarehe ya wanadamu.

Sisemi kwamba tofauti za madhehebu ni upuuzi, kwani watu wenye elimu na taqwa wamezitaabikia. Lakini kila atakaye kujadiliana nami juu yake humwomba kwanza tuiungame pamoja Imani ya Nikea, kisha yaliyosalia tuyabishanie kwa adabu.