Asiye na Jina Hana Faili

Kila mwaka hufika wiki moja katika somo langu la sera za umma ambapo karibu darasa zima huungana dhidi ya chura. Mada huwa ni Kihansi. Nikishamaliza maelezo, hakosi kijana wa kusimama na kuuliza ni kwa mantiki gani nchi yenye kiu ya umeme ilihangaikia kiumbe asiyefikia urefu wa sentimita tatu. Wenzake humpigia makofi. Sijapata kulidharau swali hilo, maana mwanafunzi aliyesoma kwa kibatari ana kila sababu ya kuliuliza. Ninacholalamikia ni kwamba darasa huianza hadithi katikati. Huianza pale chura anapokuwa tayari na jina, watetezi na bajeti.

Ujenzi wa mradi wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulianza mwaka 1994 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Wataalamu hawakumwona chura huyo hadi mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kushika kasi. Aliishi katika eneo la takriban hekta mbili, penye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, na hajapata kuonekana pengine popote duniani. Hatagi mayai kama vyura tuliowazoea. Huzaa vitoto vilivyokamilika. Maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1999 na wataalamu wanne, mmoja wao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakampa jina Nectophrynoides asperginis. Neno la pili ni la Kilatini, nalo lina maana ya manyunyu. Mitambo ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji yalichepushwa, na manyunyu yaliyompa jina yakakatika.

Yaliyofuata wengi wanayajua: vyura 499 waliosafirishwa kwa ndege mwaka 2000 hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mabomba ya kunyunyizia maji yaliyotandazwa korongoni, ugonjwa wa kuvu, tangazo la mwaka 2009 kwamba ametoweka porini, kisha kurudishwa kwake mwaka 2012. Vijiweni watu walicheka. Chura kapanda ndege, sisi tunasubiri basi!

Mimi huwaomba wanafunzi watazame tarehe. Lau wataalamu wangefika korongoni miaka minne au mitano baadaye, kusingekuwa na kelele wala mjadala, wala gharama. Mradi ungekabidhiwa ukiwa na faili safi. Chura angekufa vilevile, ila kifo chake kisingekuwa kosa la yeyote, kwa sababu kiserikali asingekuwa amepata kuishi.

Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wanazijua vyema taarifa za Tathmini ya Athari kwa Mazingira zinazotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nyuma ya taarifa hizo huwa kuna jedwali la mimea na wanyama: safu ya jina, safu ya hali ya uhifadhi, safu ya hatua zinazopendekezwa. Mtaalamu akikutana na kitu asichoweza kukitambua, huandika jina la jenasi na kufuatisha herufi mbili, “sp.”, yaani spishi fulani. Safu mbili zinazofuata hubaki na kistari. Nani awezaye kuweka sharti la leseni kwa ajili ya kistari? Ofisa anayepitia taarifa hiyo si mzembe. Anafanya kazi kwa majina, kama dola yote ifanyavyo, na mwananchi aliyewahi kunyimwa huduma kwa kukosa cheti cha kuzaliwa atanielewa upesi.

Kutoa jina si jambo la kupiga picha na kutangaza. Anayedai amepata spishi mpya hana budi kuilinganisha na ndugu zake wote wanaojulikana, na mara nyingi sampuli za ndugu hao zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hupima, huchora, siku hizi hulinganisha na vinasaba. Kisha huteua sampuli moja iwe kipimo cha jina hilo daima, huihifadhi mahali panapofikika, na huchapisha maelezo ili wengine wamkosoe. Kazi hii huchukua miezi, pengine miaka mingi. Kugundua kwenyewe kunaweza kuwa kwepesi kiasi cha kuchekesha: kwale wa Udzungwa alifahamika kwa sayansi baada ya watafiti kutoka Denmark, mwaka 1991, kuona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mboga kambini kwao. Hata hivyo, hadi alipoelezwa rasmi ilikuwa imefika 1994.

Najua pingamizi linalokuja, kwa kuwa nililisikia kwanza nyumbani. Sisi ni watu wa Rungwe. Marehemu mjomba wangu alikuwa mwindaji katika ujana wake, na kati ya wanyama aliowataja kulikuwa na kima mmoja mwenye haya, mkazi wa juu mitini, aitwaye kipunji. Mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza kima mpya kutoka nyanda za juu kusini mwa Tanzania na milima ya Udzungwa, aliyepatikana na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi mbalimbali bila kujuana. Lile la Rungwe lilianza kumtafuta baada ya kusikia masimulizi ya wawindaji. Nilimpelekea mjomba habari hiyo kwa furaha.

“Wamempa jina gani?” akauliza.

“Kipunji.”

Akanitazama kitambo. “Hilo si ndilo jina lake, mpwa wangu? Sasa wamegundua nini?”

Wanaharakati wengi wangeishia hapo na kushangiliwa. Ni kweli kwamba neno “mpya” lina kiburi ndani yake, na kwamba wengi waliowaongoza wataalamu msituni hawakupata zaidi ya posho ya siku. Lakini mjomba alikuwa na jina lisilokuwa na faili. Alijua kipunji anakula nini na hulala wapi. Hakuweza kujua kwamba hayupo Uporoto wala Uluguru, wala kwamba vinasaba vyake vinamweka karibu na nyani kuliko kima aliofananishwa nao. Jambo hilo la mwisho lilithibitishwa baada ya kipunji mmoja kukutwa amekufa katika mtego wa mkulima kwenye mteremko wa mlima Rungwe. Ndipo mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai barani Afrika tangu mwaka 1923. Miongoni mwa waandishi wa makala hiyo walikuwamo Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwaka 2009 mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Mzoga ule, hata hivyo, uko Chicago.

Hilo la Chicago linanikera, na sioni sababu ya kulificha. Wakati wa Wajerumani mimea yetu ilielekea Berlin, na usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yakateketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea iliyokaushwa huko, zikiwamo sampuli nyingi za majina ya mimea ya Afrika Mashariki. Vita visivyotuhusu viliunguza vyeti vyetu vya kuzaliwa. Lakini kabla hatujadai virudishwe vilivyobaki, tujiulize tutavilaza wapi, na nani atavitunza.

Mfano wa karibuni unaonesha ukubwa wa kazi iliyopo. Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier alimweleza chura wa milima yetu azaaye vitoto hai, ambaye leo anaitwa Nectophrynoides viviparus. Kwa zaidi ya karne moja jina hilo lilifunika vyura wa milima mingi. Mwaka 2025 watafiti waliochunguza vinasaba vya sampuli kongwe za makumbusho walitenga humo spishi tatu mpya. Maana yake kiserikali ni nzito: mnyama tuliyedhani ameenea, kwa hiyo hana shida, aliweza kuwa wanyama kadhaa, kila mmoja na kipande chake kidogo cha msitu.

Sasa nani wa kuifanya kazi hii hapa kwetu? Niliwahi kukaa katika kamati ya ufadhili ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Kijana mmoja aliomba fedha za kueleza majongoo wa milima ya Uluguru. Alikuwa ameshakusanya sampuli kwa misimu miwili, kwa nauli yake. Mjumbe mmoja akauliza majongoo yana mchango gani katika uchumi wa viwanda. Mwingine, kwa sauti ya kufunga kikao, akasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Tukacheka sote, na ombi likatupwa pamoja na mwombaji. Siku hiyo hiyo tulipitisha warsha mbili za kujenga uwezo.

Mfumo wetu wa kupandisha vyeo nao unahesabu makala na majarida, bila kuuliza kama makala moja ilichukua wiki sita au miaka sita. Mhadhiri kijana mwenye akili hatachagua majongoo. Idara hupata ikama ya mhadhiri wa utalii kabla ya mtunza sampuli, na mtunza sampuli akistaafu nafasi yake hukaa wazi hadi isahaulike.

Yule kijana sasa ni ofisa mikopo katika benki, na anafanya vizuri. Chupa zake arobaini na tatu ziko kwenye kabati la maabara moja ninayoifahamu, kila moja na karatasi yenye mahali, tarehe, mwinuko na herufi zile mbili. Mwezi uliopita nilikwenda kuziangalia. Spiriti imepungua, na katika chupa kadhaa migongo ya majongoo imeanza kutokeza juu ya kimiminika. Nimemwandikia mkuu wa idara kuomba lita kumi za spiriti na mtu wa kuzijaza. Amenijibu kwamba maombi ya namna hiyo hayana kasma katika bajeti ya mwaka huu, na kwamba nimwandikie tena mwezi Julai.