Mashine imefika, miguu haina

Leo siasa naiweka kando. Najua wapo wanaopita hapa kutafuta habari za bungeni na za wakubwa, lakini wiki tatu hizi kichwa changu kimejaa kitu kimoja tu: meza. Tena si meza ya kulia chakula. Ni meza ya kuwekea mashine ya kukereza mbao. Usiondoke kwanza! Yamo humu ya kumgusa hata aliyezaliwa ghorofani na hajawahi kushika randa.

Kwa wale ambao neno lenyewe ni geni, kukereza ni kule kuzungusha kipande cha mti kwenye mashine huku fundi akikiwekea bobari au patasi mpaka kinakuwa mviringo. Ile miguu ya kitanda yenye mapete mapete, ndiyo hiyo. Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar ukainua macho kwenye roshani, vile vinguzo vilivyopangana ni kazi ya mkereza. Nyundo ya mahakamani pia, na mchi wa kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu.

Baba yangu ni seremala tangu sijazaliwa. Miaka mingi amefanya kazi Keko, ambako nusu ya sofa za jiji hili zimezaliwa. Lakini useremala ni kazi ya kuinama. Unapiga randa umeinama, unapasua umeinama, unanyanyua mbao umeinama. Mwaka jana mgongo ukagoma. Daktari akamwambia aache kuinama na aache kubeba vizito. Hakumwambia atakula nini.

Basi watoto tukachanga. Mimi na mshahara wangu wa gazetini (wenye fani wanajua ninachosema), dada yangu na biashara yake ya vitenge, tukanunua mashine ya kukereza iliyotumika, kutoka kwa fundi aliyekuwa anafunga karakana. Wazo lilikuwa rahisi. Mkereza hufanya kazi amesimama wima, vipande vyake ni vidogo, na baba anaweza kukaa nyumbani Tabata akachukua oda za miguu ya meza na nguzo za ngazi. Mashine ikaja. Stendi haikuja, fundi yule alikuwa ameshaikalisha jenereta juu yake na hakutaka kuibandua. Tukabaki na chuma cha kilo kama 45 kimelala uani kama mgonjwa.

"Si mnaweka tu juu ya meza yoyote?" akauliza shemeji yangu. Swali zuri, maana dunia imekereza miaka mingi bila stendi. Kule Misri kuna mchoro kwenye kaburi la Petosiris, wa mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, unaoonyesha watu wawili kazini: mmoja anavuta kamba kuzungusha mti, mwingine ameshika patasi. India na Morocco wapo mafundi wanaokereza wakiwa wamekaa chini, mkono mmoja unavuta upinde, na vidole vya mguu vinasaidia kushika patasi. Hao hawahitaji meza. Lakini kamba haizungushi mti mara 1,500 kwa dakika. Mota inafanya hivyo.

Hapo ndipo penye hatari. Gogo bichi halina uzito sawa pande zote. Likizunguka, upande mzito unavuta mashine huku na huku, na nguvu hiyo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida. Ukiongeza mwendo mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Ukiongeza mara tatu, unakuwa mara tisa. Meza nyepesi itaanza kutembea sakafuni. Patasi itaruka juu ya mti badala ya kukata, na siku mbaya gogo lenyewe litachomoka na kumfuata fundi usoni. Kwa hiyo stendi ni sehemu ya mashine, ndugu zangu.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kununua stendi ya dukani ya bati lililokunjwa. Ni nyepesi, unaifunga kwa bolti nusu saa, lakini ukiigonga inalia kama debe. Ya pili, kumpa fundi wa kuchomelea vyuma vya engo. Hiyo ni imara na ya haraka, ila chuma hakimezi mtikisiko, kinaupitisha, na ukishachomelea umeshachomelea, kimo hakibadiliki. Ya tatu, mbao. Baba hakusikiliza hata nilipofika ya tatu. Alikuwa ameshaenda stoo kutoa mabaki ya mkongo aliyoyatunza tangu enzi zake nzuri. Mkongo ni mti mzito, na uzito ndio tuliokuwa tunautafuta.

Ugomvi ulianza kwenye kimo.

Kanuni ya wakereza ni kwamba kitovu cha mti unaozunguka kiwe usawa wa kiwiko chako. Simama na viatu vyako vya kazini, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni. Kisha toa urefu kutoka chini ya mashine hadi kitovu chake. Kinachobaki ndicho kimo cha meza. Ikiwa chini mno, unainama na mgongo unalipa. Ikiwa juu mno, mabega yanapanda na shingo inalipa. Mashine yetu kitovu kiko sentimita 24. Kiwiko cha baba ni sentimita 104, kwa hiyo meza yake ni 80. Changu ni 113, kwa hiyo meza yangu ni 89.

Mimi nikaandika 80 kwenye karatasi. Baba akaifuta kwa penseli yake ya sikioni, akaandika 89.

"Baba, mashine ni yako."

"Mimi nitapanda kwenye kichanja," akasema. "Meza ya mkongo haijengwi mara mbili. Wewe ndiye utakayebaki nayo."

Sikujua la kujibu. Nilijua vizuri alichokuwa anasema, na nilijua kwamba hakuwa anazungumzia sentimita. Mimi ni mtu wa kalamu. Tangu nimalize chuo hajawahi kuniambia kwamba angependa niijue kazi yake, na mimi sijawahi kumuuliza. Sasa tumesimama uani tunabishana juu ya kiwiko, na nyuma ya kiwiko kuna urithi, kuna umri, na kuna kile ambacho kwetu hakitajwi mchana.

Nikajitetea kifundi. Kichanja ni kitu cha kujikwaa, nikamwambia. Sakafu ya mkereza hujaa maranda, mzee wa miaka 67 akirudi nyuma hatua moja bila kuangalia ni hospitali. Naye akanijibu kifundi: mashine iliyoinuliwa kwa vibao baadaye hulegea. Siku nne hatukukata mbao hata moja.

Aliyemaliza kesi ni mama. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza swali moja: "Kati yenu, nani anaumwa mgongo?" Akarudi jikoni.

Meza ikawa ya 80.

Nikueleze ilivyojengwa, huenda ikamfaa mtu. Miguu minne ya sentimita 10 kwa 10, imetanuka kuelekea chini: juu upana ni sentimita 40, sakafuni ni 65, ili ikisukumwa isitake kuanguka. Uso wa meza ni tabaka mbili za mbao za sentimita 5, zimegundishwa pamoja. Viungo vyote ni ulimi na tundu, halafu bolti. Misumari hapana, maana mtikisiko huichomoa polepole, wakati bolti unaikaza tena kila baada ya muda. Magurudumu hapana kabisa.

Chini, karibu na sakafu, tukaweka sanduku la mbao tukalijaza mchanga mkavu madebe manne. Debe la lita 20 la mchanga lina kilo 30 na ushei, kwa hiyo tumeongeza zaidi ya kilo 120 kwa bei ya mchanga wa ujenzi. Na mchanga una faida nyingine: punje zake husuguana na kuumeza mtikisiko. Mfuniko wa sanduku baba ameuweka mteremko, ili maranda yateleze yaanguke badala ya kurundikana.

Mimi nilitaka kabati lenye milango, lipendeze. Akanionyesha kwa nini sivyo. Ukifunga chini ya mashine, maranda yanajaa droo, vumbi linaingia kwenye mota, na kila ukitafuta patasi unachimbua kwanza. Tukaacha nafasi wazi, droo moja tu pembeni. Swichi tumeiweka upande wa kushoto, usawa wa paja, ili kuzima kusihitaji kupitisha mkono mbele ya mti unaozunguka.

Jambo la mwisho ambalo wengi hulipuuza ni sakafu. Ya kwetu ina mabonde. Ukikaza mashine kwenye meza iliyopinda, kitanda chake nacho kinajipinda, na zile ncha mbili zinazoshika mti hazikutani tena. Tukapima kwa pimamaji, tukaweka kabari chini ya miguu, tukasogeza ncha mpaka zikagusana uso kwa uso. Ndipo tukakaza.

Jumamosi iliyopita baba aliweka kikombe cha chai ya rangi mwisho wa meza, akawasha mashine ikiwa na kipande cha mninga, akapandisha mwendo. Chai ilitetemeka kidogo katikati, haikumwagika. Akainywa. Wiki hii anakereza nguzo 24 za ngazi ya nyumba moja Kimara, na hainami.

Jana nimegundua vibao viwili vya mkongo vimetundikwa ukutani nyuma ya mashine. Vimepigwa randa, vina matundu ya bolti sehemu zilezile za mashine. Nikavipima unene. Sentimita 9 kamili. Sikumuuliza ni vya nini, naye hakusema. Ila nimemwomba Jumapili anifundishe kushika bobari, na ameniambia nije na viatu vya kufunika vidole.

Haya, tuzungumze. Je, wewe mzazi wako ana kazi gani ya mikono ambayo hujawahi kumwomba akufundishe? Na wenye mashine za kukereza mliopo, zenu mmeziweka juu ya nini?