Gavana Aliyepanda Mizabibu: Safari ya Bonde la Constantia

Msafiri atokaye mjini Cape Town kwenda kusini huuzunguka Mlima wa Meza kwa nyuma, na baada ya mwendo wa maili kumi hivi hufika katika bonde la Constantia. Njiani huipita bustani ya Kirstenbosch, na akiwa mkulima hatakosa kusimama hapo kidogo. Ndani ya bustani hiyo yako mabaki ya ua wa milozi ya porini uliopandwa mwaka 1660 kwa amri ya Jan van Riebeeck, mkuu wa kwanza wa Waholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema. Ua huo haukupandwa kwa ajili ya lozi zake, ambazo ni chungu. Ulipandwa ili Wakhoikhoi na ng'ombe wao wasirudi katika malisho yaliyokuwa yao tangu zamani.

Miaka 25 baadaye Waholanzi walikuwa wamekwisha kuuvuka mpaka wao wenyewe, na ng'ambo yake, penye udongo mzuri wa mteremko na upepo wa baharini, mkuu mwingine alijipatia shamba. Jina lake Simon van der Stel.

Mtu huyu alizaliwa baharini, tarehe 14 Oktoba 1639, wazazi wake walipokuwa katika safari ya kwenda kisiwa cha Mauritius, ambako baba yake alikuwa amewekwa kuwa mkuu. Mama yake, Maria Lievens, alikuwa binti wa nahodha Mholanzi na wa mwanamke wa Kihindi aliyeitwa Monica, ambaye alikuwa mtumwa kisha akapata uhuru. Jambo hili lafaa likumbukwe, maana katika nchi ile ile ambayo baadaye ilitunga sheria kali za kubagua watu kwa rangi, mji mzima na ghuba viliitwa kwa jina la mjukuu wa Monica.

Baba yake aliuawa huko Ceylon mwaka 1646, na kijana akakulia Mashariki kabla ya kupelekwa Uholanzi. Huko alioa, akajifunza kilimo cha mizabibu, na mwaka 1679 Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ikamtuma Rasini kuwa mkuu wa kituo chake. Mke wake alibaki Uholanzi, wala hakumfuata kamwe. Mwaka 1691 alipandishwa cheo akawa Gavana.

Alifika mwezi wa Oktoba, na mwezi uliofuata alikuwa amekwisha kupanda farasi kwenda kutazama mashamba ya bara. Akapiga hema kando ya mto, akalipenda bonde lile, akaliita Stellenbosch, yaani msitu wa Stel. Walowezi wakagawiwa ardhi hapo, nao wakapata mazao mengi ya ngano. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, Gavana alikwenda Stellenbosch kwa sherehe, na wanaume walishindana kulenga shabaha kwa bunduki. Shabaha yenyewe ilikuwa kasuku wa mti aliyesimamishwa juu ya mlingoti. Kilima kilicho karibu na mji huo mpaka leo huitwa Kilima cha Kasuku.

Kwa habari ya miti alikuwa mkali kabisa. Miti ya asili ilikuwa ikikatwa ovyo kwa kuni na mbao, naye akawaamuru walowezi wapande mialoni. Mji wa Stellenbosch bado una sifa ya mialoni yake kandokando ya njia. Lakini kwa mbao, mti ule ulimdanganya. Katika baridi ya Ulaya mwaloni hukua polepole na kuwa mgumu. Katika joto la Rasini hukua upesi, mbao zake zikawa dhaifu, na mti mzee mara nyingi huoza ndani ukawa mvungu. Kwa hiyo kivuli kilipatikana, bali mbao njema hazikupatikana.

Mvinyo wa Rasini katika siku zile ulikuwa mbaya, na mabaharia waliulalamikia. Van der Stel aliona kuwa kosa si la ardhi bali la haraka ya wakulima, waliokamua zabibu kabla hazijaiva. Akatoa amri kwamba mtu asikamue mpaka wakaguzi waje shambani na kuziona zabibu kuwa zimeiva, na aliyevunja amri alitozwa faini. Mkulima yeyote wa kahawa aliyepata kurudishiwa debe lake kwa sababu ya buni mbichi atalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Shamba la Constantia alipewa mwaka 1685 na mjumbe wa Kampuni, Hendrik van Rheede: eneo la ekari 1,880 hivi. Katika mwaka huo huo aliongoza msafara mkubwa wa magari ya ng'ombe kwenda kaskazini, nchi ya Wanama, kutafuta shaba. Shaba waliipata kweli, na shimo walilochimba laonekana bado karibu na mji wa Springbok. Lakini mahali penyewe palikuwa mbali mno na pakavu, tena bandari ya kufaa haikupatikana, na shaba ikaachwa ardhini karibu miaka 170.

Je, ni nani waliolima Constantia? Walowezi hawakutosha, na Kampuni ilikwisha kuzoea kununua watu. Watumwa waliletwa kutoka Madagaska, India, Ceylon na visiwa vya Indonesia, na wengine kutoka pwani ya Msumbiji. Mjini Cape Town lipo jengo kubwa ambamo Kampuni iliwafungia watumwa wake usiku. Lilianza kujengwa mwaka 1679, mwaka ule ule aliofika Van der Stel, na siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Mikono ya watu wa namna hiyo ndiyo iliyochimba mashimo ya mizabibu ya Constantia. Bwana shamba mwenyewe alikuwa mjukuu wa mtumwa, na hapana dalili kwamba jambo hilo lilimzuia kununua watu.

Alistaafu mwaka 1699, akakaa Constantia, akalima na kukamua zabibu mpaka alipofariki tarehe 24 Juni 1712. Aliyemrithi katika kiti ni mwanawe Willem Adriaan, naye ndiye aliyeonyesha hatari ya mtu mmoja kuwa gavana na mkulima kwa pamoja. Alijipatia shamba la Vergelegen, akalijenga kwa fahari, akatumia watumishi na watumwa wa Kampuni, na kujipendelea katika biashara ya mvinyo na nyama. Wakulima wengine walifanyaje? Walikuwa wakiuza kwa Kampuni, na mkuu wa Kampuni ndiye aliyekuwa mshindani wao. Mwaka 1706 watu 63 walitia sahihi mashtaka kwa mabwana wa Uholanzi. Adam Tas, mwandishi wa mashtaka hayo, alitiwa kifungoni. Lakini barua ilifika. Mwaka 1707 Gavana akaondolewa, shamba likagawanywa, nyumba ikaamriwa ibomolewe, na watumishi wa Kampuni wakakatazwa kumiliki mashamba. Mikafuri mitano iliyopandwa Vergelegen wakati wa Willem Adriaan ingali imesimama.

Constantia nayo iligawanywa baada ya mzee kufa. Mwaka 1778 sehemu yenye nyumba kuu ilinunuliwa na Hendrik Cloete, na katika mikono ya ukoo wake mvinyo mtamu wa Constantia ukapata sifa Ulaya. Napoleon alipelekewa alipokuwa kifungoni St Helena. Serikali ililinunua shamba mwaka 1885 ili kuwafundishia watu kilimo cha mizabibu. Nyumba iliteketea kwa moto mwaka 1925, ikajengwa upya, hivyo mgeni asidhani kwamba kila jiwe alionalo liliwekwa na Van der Stel.

Watumwa wa Rasini walitangazwa huru mwaka 1834, ila walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao hadi 1838. Baadaye jamaa nyingi za watu wa rangi mchanganyiko zilikaa bondeni Constantia zikilima mboga na maua. Katika miaka ya 1960 ziliondoshwa kwa sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi, na viwanja vyao vikatangazwa kuwa vya Wazungu peke yao. Baada ya mwaka 1994 baadhi ya jamaa hizo zilipeleka madai ya kurudishiwa ardhi.