Kiingilio, Zawadi na Ujira wa Mwandaaji: Barua kwa Mpwa Aliyeko Minnesota

Kwa mpwa mpendwa,

Barua hii ya mjomba inajibu nia ya mpwa ya kuandaa, kwa mara ya kwanza, mashindano ya gofu ya visahani katika bustani ya umma iliyo karibu na makazi yake. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, mtu anayepokea fedha za watu wengi kwa ahadi ya zawadi hujitwika amana, na amana hailindwi kwa moyo mweupe pekee, bali pia kwa kujua kila dola inaingilia mlango upi na inatokea upi.

Gofu ya visahani ni mchezo ambao mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia hadi kikapu cha chuma chenye minyororo, na mshindi ni yule anayekamilisha uwanja kwa mitupo michache zaidi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California, kwa juhudi za Ed Headrick, ambaye mwaka uliofuata alianzisha chama kinachosimamia mchezo huu, kinachojulikana kwa herufi za PDGA, na mwaka 1977 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya kikapu hicho. Mwaka 1979 Headrick huyohuyo aliandaa huko Huntington Beach mashindano yenye zawadi za dola 50,000. Tangu hapo wazo kwamba mchezo huu unaweza kumlisha mtu halijawatoka wachezaji, ingawa wengi wao huucheza bila malipo katika bustani za miji na wilaya.

Jambo la kwanza ambalo mpwa hana budi kulielewa ni kwamba mashindano ya kawaida huwa na makundi mawili makubwa ya wachezaji, na fedha zao hufuata njia mbili tofauti. Wachezaji wa kulipwa hushindania fedha taslimu. Wachezaji wa ridhaa, yaani wale wanaocheza kwa kupenda mchezo bila kuufanya kazi, hupewa vikombe na bidhaa, hasa visahani, mifuko na mavazi, au vocha za kuchukulia bidhaa hizo dukani, na mmoja wao akipokea fedha taslimu katika kundi la kulipwa, hadhi yake ya ridhaa hubadilika. Makundi yote mawili hulipa ada ya kiingilio kabla ya siku ya mchezo, lakini kinachotokea baada ya hapo hakifanani hata kidogo, na hapo ndipo waandaaji wengi wapya hujikwaa.

Kutoka katika kiingilio ghafi, yaani jumla ya fedha zote zilizolipwa, hutolewa kwanza gharama zisizoepukika, zikiwemo ada ya PDGA ya dola chache kwa kila mchezaji, ambayo huwa kubwa zaidi kwa asiye mwanachama, makato ya malipo kwa kadi, kibali cha bustani, na vyoo vya kukodi. Kinachobaki huitwa kiingilio halisi, nacho ndicho msingi wa kukokotolea zawadi. PDGA huyapanga mashindano kwa madaraja, kuanzia C kwa yale ya kawaida ya mtaani, kisha B na A, hadi mashindano makuu, na kila daraja lina masharti yake ya kiasi kinachopaswa kurudi kwa wachezaji. Madaraja ya juu hudai pia fedha za nyongeza, yaani fedha ambazo hazikutoka katika viingilio vya wachezaji wa kulipwa wenyewe.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba wachezaji 20 wa kulipwa wamelipa dola 80 kila mmoja, na kwamba dola 10 za kila mmoja zimekwenda katika gharama. Walileta dola 1,600, na zinazorudi kwao ni dola 1,400, ambazo hugawanywa kwa sehemu tu ya wachezaji, tuseme wanane wa juu, kwa jedwali ambalo kwa kawaida humpa wa kwanza fungu nono na kumwacha wa mwisho wa orodha na kiasi kinachokaribia ada aliyolipa. Kumi na wawili waliobaki huondoka mikono mitupu. Mfuko huo unafanana na upatu, isipokuwa katika upatu kila mwanachama hufikiwa na zamu yake, ilhali hapa walewale wenye ustadi huweza kupokea mara kwa mara na walewale wa chini huendelea kuchangia. Bila fedha za nje, wachezaji wa kulipwa kama kundi huwa maskini zaidi jioni kuliko walivyokuwa asubuhi, na hakuna ustadi wa kutupa unaoweza kubadilisha hesabu hiyo.

Ndiyo maana mpwa hapaswi kuvutwa na umaarufu wa mabingwa. Mwaka 2021 bingwa Paul McBeth alitangaza mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10 na kampuni ya Discraft, na habari hiyo ikawatia vijana wengi hamu ya kuacha kazi. Fedha hizo ni malipo ya mtengenezaji wa visahani kwa jina linalouza visahani, si mapato ya kushinda viingilio vya wenzake, na kijana anayezunguka na gari lake kutoka jimbo hadi jimbo akitegemea mafungu ya wikendi hugharamia mafuta, malazi na ada kabla hajapata chochote.

Fedha za nyongeza, basi, hutoka wapi? Sehemu hutoka kwa wadhamini, ambao kwa mashindano madogo huwa ni duka la visahani, mkahawa au fundi wa mtaa anayelipa ili jina lake lisomwe kwenye kibao cha njia moja ya mchezo, yaani sehemu ya uwanja inayoishia kwenye kikapu kimoja. Lakini sehemu nyingine, ambayo haizungumzwi sana, hutoka kwa wachezaji wa ridhaa, na mpwa aisome aya inayofuata kwa utulivu kwa sababu ndiyo iliyosababisha barua hii iandikwe.

Zawadi za wachezaji wa ridhaa huhesabiwa kwa bei ya rejareja, yaani bei ambayo mteja angelipa dukani, wakati mwandaaji huzinunua kwa bei ya jumla, iliyo chini zaidi. Ichukuliwe kwamba uwanja wenye njia 18 umepokea wachezaji wanne kwa kila njia, jumla 72 wa ridhaa, katika siku isiyo na kundi la kulipwa, kila mmoja akilipa dola 40. Mapato ni dola 2,880. Gharama zikiwa dola 720, kiingilio halisi ni dola 2,160, na mwandaaji akiahidi kukirudisha chote, atatoa visahani 108 vya bei ya dola 20. Kama alivinunua kwa dola 12 kimoja, ametumia dola 1,296, na dola 864 zimebaki mkononi mwake, ingawa kwa hesabu ya rejareja amerudisha asilimia mia moja.

Wapo wanaoiita tofauti hiyo wizi, na wapo wanaoitwaa kimyakimya kama haki isiyohitaji maelezo. Maoni ya mjomba ni kwamba pande zote mbili zimekosea. Mwandaaji hutumia majuma kadhaa kuomba kibali, kupanga makundi, kujibu maswali, kukata matawi yaliyoanguka na kusimama juani tangu alfajiri hadi kikombe cha mwisho kitolewe, na jamii inayotaka kazi hiyo ifanywe bure daima humchosha mtu mmoja mwema baada ya mwingine, hadi wasipatikane tena. Ujira wake ni halali. Kisicho halali ni kuuficha ndani ya bei ya kisahani, kisha kusema mbele ya watu kwamba fedha zote zimerudi kwao. Mpwa aandike katika tangazo la mashindano, kabla ya mtu wa kwanza kujiandikisha, kwamba kiasi fulani cha kila kiingilio ni malipo ya mwandaaji na wasaidizi, kiasi fulani ni cha kutunza uwanja, na kilichobaki ni zawadi, kwa sababu mtu aliyeambiwa mapema na akakubali kulipa hana sababu ya kulalamika.

Suala la kuchukua tofauti hiyo na kuiongeza katika mfuko wa wachezaji wa kulipwa linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Desturi hii imezoeleka, na watetezi wake husema kwamba mabingwa huvuta watazamaji na kuikuza michezo ya mtaani. Huenda hilo ni kweli pale bingwa anapowafundisha watoto siku moja kabla ya mashindano, lakini haliwi kweli kwa sababu tu mtu amejiandikisha katika kundi la kulipwa, na mama anayecheza katika kundi la wanaoanza hajaombwa ridhaa ya kumlipia kijana hodari anayefanya mazoezi kila jioni. Ikiwa mpwa anataka kuongeza mfuko huo, atafute mdhamini kwa jina na aweke fedha zake humo waziwazi.

Zawadi nono za bidhaa nazo huzaa ugonjwa wake. PDGA humpa kila mwanachama alama zinazokadiria kiwango chake, ambapo alama 1,000 ndizo kipimo cha mchezaji wa hali ya juu, na baadhi ya makundi ya ridhaa huwekewa ukomo wa alama ili mwenye uwezo mkubwa asiwanyang'anye wanaojifunza. Hata hivyo, rundo la visahani likiwa kubwa, wapo wanaotamani kubaki chini ya uwezo wao ili walichukue. Dawa iliyo nafuu ni kupunguza ada, kumpa kila mshiriki kifurushi kidogo chenye kisahani kimoja au fulana, na kuwaachia washindi kikombe na heshima, jambo ambalo pia humfungulia mlango mwanafunzi asiyeweza kulipa dola 40.

Kuhusu mfuko wa mtupo mmoja, ambao wachezaji huuchangia kwa hiari ili alipwe yule ambaye kisahani chake kitaingia kikapuni kwa mtupo wa kwanza, inatosha kusema kwamba hesabu yake itengwe kabisa na hesabu ya mashindano, na kwamba sheria za jimbo kuhusu bahati nasibu zisomwe kabla ya kuuanzisha. Ujira wa mwandaaji nao ni kipato cha kutangazwa kwa mamlaka ya kodi.

Hatari kubwa kwa mwandaaji mgeni ni kupanga bajeti kwa uwanja uliojaa. Katika mfano ule, gharama za dola 720 zina dola 504 zisizopungua hata wachezaji wakiwa wachache, na dola tatu tu kwa kila kichwa ndizo zinazofuata idadi yao. Mvua ikitabiriwa na wakajiandikisha 40 badala ya 72, mapato yatakuwa dola 1,600, na baada ya gharama zitabaki dola 976. Mwandaaji aliyekwisha kununua visahani vyote 108 ametumia dola 1,296, kwa hiyo amepungukiwa dola 320 na amebaki na visahani 48 chumbani mwake, kwa kuwa waliofika, kwa uwiano uleule wa visahani kwa kila mchezaji uliotangazwa, wanadai 60 tu. Kwa sababu hiyo mpwa azungumze na duka la karibu mapema, akubaliane nalo kwa maandishi kwamba atalipia visahani vitakavyochukuliwa tu na kurudisha vilivyobaki, aweke masharti ya kurejesha ada kwa wanaojitoa, na aagize vikombe baada ya kufunga uandikishaji.

Wasalaamu,
Mjomba